Kaye ya Wamama: Namna ya Kuangalia Kazi ya Dawa za SIDA katika Kituo Chetu

Somo kwa wamama wa CPN na wa siku ya kupima kilo, Mabanga, Goma



Siku ya kupima watoto kilo unakaa kwenye banki tangu asubuhi, mutoto mugongoni, na macho yako hayalali. Unaona mengi. Unaona mama fulani anaitwa kwa sauti kubwa mbele ya watu wote, kisha anatumwa kwenye chumba kile ambacho kila mutu anajua kazi yake. Unasikia mwengine anaambiwa: «Kipimo kimeisha, urudi kisha juma mbili.» Wa tatu anatoka na dawa za siku 14, na safari iliyopita aliahidiwa za miezi 3. Tukifika kwenye robine ya maji tunasimulia yote, tunatingisha vichwa, tunajaza bido, tunaenda nyumbani. Na mwezi unaofuata inakuwa vile vile.

Somo la leo ni juu ya namna ya kutoa mambo hayo kwenye robine na kuyaweka ndani ya kaye, kusudi yafike kwa mutu anayeweza kuyatengeneza. Wakubwa wa afya wanaita kazi hiyo uangalizi unaoongozwa na jamii. Maana yake si ngumu. Wale wanaotumia dawa ndio wanaoangalia kama dawa inafika, kama inafika kwa wakati, na kama watu wanapewa kwa heshima. Wanahesabu, wanaandika, wanazungumuza na waganga, kisha wanarudi kuangalia kama jambo limebadilika. Hili la kurudi kuangalia ndilo watu wanasahau mara nyingi.

JUU YA NINI SISI WAMAMA?

Kwa sababu mutoto hangojei. Tazama hesabu hii. Katika wamama 100 wenye virusi vya SIDA wasiokunywa dawa, watoto kati ya 15 na 45 wanaweza kupata virusi, wengine tumboni, wengine saa ya kuzaliwa, wengine kwa kunyonya. Kama wamama wale wale wanakunywa dawa vizuri na watoto wao wanafuatwa, wanaopata virusi ni chini ya 5. Na katika watoto waliopata virusi na kukosa dawa, karibu nusu wanakufa mbele ya kutimiza miaka 2. Wengi wao wanakufa mapema sana, wakiwa na miezi michache tu.

Basi ukisikia kwamba jibu la kipimo cha mutoto limechelewa miezi 3, usifikiri ni karatasi tu iliyochelewa.

Njia ya mutoto ni hii, na kila mama wa kliniki anapashwa kuijua, hata yule asiye na virusi. Mama anapimwa mwanzo wa mimba. Akiwa na virusi anaanza dawa mara moja, kidonge kimoja kila siku, na haachi kisha kuzaa. Mutoto akizaliwa anapewa dawa ya maji ya kumukinga katika majuma ya kwanza. Akitimiza juma 6, muganga anamutoboa kidogo kwenye kisigino, anatonesha damu juu ya karatasi, na karatasi inatumwa kwenye mashine ya kupima. Tangu juma lile la 6 anapewa pia kotrimoksazoli. Jibu likionyesha virusi, anaanza dawa yake bila kukawia. Likionyesha hapana, anaendelea kunyonya na atapimwa tena, mpaka kisha kuachishwa ziwa. Tena, mama anayekunywa dawa vizuri anyonyeshe: miezi 6 maziwa yake peke yake, pasipo maji wala uji, kisha aongeze chakula bila kukata ziwa. Wako wamama wanaoachisha kwa hofu, na mutoto anakufa kwa kuhara.

Njia hii ina milango mingi, na kila mulango unaweza kufungwa. Pale vipimo vimeisha, huku maji ya mutoto hayakuletwa, kule karatasi ya damu imelala ndani ya kabati kwa sababu hakuna moto ya kuipeleka. Muganga anaona mulango wake mumoja. Mama anapita yote. Ndiyo sababu anaweza kusema njia imekatika wapi.

MAMBO YALIYOTUFIKIA HAPA

Tarehe 22 mwezi wa 5, 2021, Nyiragongo ililipuka. Tarehe 27 watu wa kartie 10 za Goma waliagizwa kuhama, na Mabanga Nord na Mabanga Sud zilikuwa ndani ya hesabu hiyo. Watu walitoka mbio kwenda Sake, Rutshuru, Minova, na wengine walivuka Rwanda. Fikiri juu ya mama aliyebeba mutoto, godoro na sufuria, na chupa ya dawa ikabaki nyumbani. Alikaa siku ngapi bila kidonge? Kule alikokimbilia, walimupokea bila karti ao walimwambia kwanza alete barua?

Mwezi wa kwanza wa mwaka 2025 mambo mawili yalikutana. Tarehe 20 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya inje, na inchi yetu ilikuwa inategemea sana misaada hiyo kwa kazi ya SIDA. Siku chache baadaye vita viliingia ndani ya muji wa Goma. Mwezi uliofuata makambi ya wakimbizi yaliyozunguka muji yaliondolewa, na watu wakatawanyika tena, kila mutu na njia yake. Wakati ule shirika la ONUSIDA lilihesabu katika Kongo yote watu karibu 520 000 wenye virusi, na 440 000 kati yao walikuwa kwenye dawa. Kwa watoto hesabu ilikuwa mbaya zaidi: hata nusu yao hawakuwa wamefikiwa na dawa.

Daftari ya kituo inaonyesha ni nani aliyekuja. Haionyeshi yule aliyeshindwa kuja alishindwa kwa sababu gani. Mama jirani yake anaweza kuijua sababu hiyo, kama anauliza vizuri na kama anajua kufunga kinywa.

WENGINE WALIANZAJE?

Watu wenye virusi wamefanya kazi ya namna hii mbele yetu. Kule Kinshasa, mwaka 2010, chama chao kiitwacho RNOAC pamoja na Waganga Wasio na Mipaka (MSF) walifungua vituo vidogo vya kugawa dawa ndani ya kartie, vinavyoitwa PODI. Ndani yake wagonjwa wenzao ndio wanaopokea watu, na mutu mwenye afya nzuri anachukua dawa zake haraka, bila kupoteza siku nzima kwenye foleni ya hospitali. Wazo lile lilitoka kwa kusikiliza wagonjwa wenyewe: foleni na bei ya safari viliwachosha mpaka wakaacha dawa.

Kule Afrika ya Kusini, mwaka 2019, ilianza kazi inayoitwa Ritshidze. Vyama vya watu wenye virusi vilitembelea vituo vya serikali zaidi ya 400, viliuliza wagonjwa na waganga maulizo yale yale kila mara, kisha viliweka majibu mezani mbele ya wakubwa. Sisi hatuna nguvu ya kutembelea vituo 400. Kimoja kinatosha kuanza.

NANI ATAANGALIA?

Chagueni watu wachache, 5 ao 6. Wengi wao wawe wamama wanaokunywa dawa wenyewe na wanaokubali kazi hiyo kwa hiari. Mutieni pia kijana mumoja, kwani wasichana wa miaka 17 wenye mimba wanaogopa kusema mbele ya mama mukubwa. Awe pia mumoja anayejua kuandika vizuri na mumoja anayejua kuhesabu. Wakati mwengine si mutu yule yule.

Musichague mutu anayelipwa na kituo, wala bibi wa muganga, hata kama ni mama muzuri. Atakuwa kati ya moto miwili. Reko wanaweza kusaidia sana, lakini Reko anayepokea kazi zake kutoka kwa muganga mukubwa wa kituo hawezi kumuhesabu muganga huyo kwa moyo huru. Tunasema hivi bila kuwadharau Reko wetu, wanaotembea juu ya mawe ya volkano kutwa nzima kwa faida kidogo sana.

Na franga? Kaye, biki, safari ya moto, mukopo wa simu: vyote vinaomba franga kidogo. Kama kituo kinachoangaliwa ndicho kinacholipa, kaye itaanza kusema mazuri tu. Kama hakuna anayelipa, kisha miezi 4 wamama watachoka, na wana haki ya kuchoka. Ni heri chama chenu kitafute musaada kwingine, hata mudogo, ao mufanye kazi ndogo inayolingana na nguvu zenu. Kuuliza wamama 15 kila mwezi kwa muda wa mwaka mumoja kunafaa kuliko kuuliza 200 mara moja na kuacha.

KUULIZA NINI?

Kuna watu wanaokuja na karatasi za maulizo 80. Mama anajibu la 10 mutoto analia, la 30 anajibu chochote kusudi aende. Maulizo 10 yanatosha. Haya ndiyo tungeshika kwanza: Leo ulipata dawa zako zote? Za siku ngapi? Mara ya mwisho ulirudishwa bila dawa ilikuwa lini? Uliombwa franga, za nini, na ngapi? Mutu mwengine alisikia ao aliona jambo lako? Mutoto wako alitolewa damu akiwa na juma ngapi? Jibu ulilipata, na kisha siku ngapi? Katika mwaka huu walikupima hesabu ya virusi ndani ya damu, na walikueleza maana ya jibu? Ulingoja saa ngapi? Muganga alikusemesha namna gani?

Juu ya franga, muwe waangalifu. Dawa za SIDA zenyewe hazilipwi. Lakini kituo kinaweza kuomba za fishi, za kumuona muganga, ao za kipimo kingine, na mama anayerudi nyumbani anasema «walinilipisha dawa». Andika kile alicholipa na kama alipewa risiti. Neno hili dogo linazuia ugomvi mukubwa.

Kisha munaenda kwa muganga, kwa ruhusa, na kumuomba hesabu tu, si majina: mwezi huu vipimo viliisha siku ngapi? Watoto wangapi walitimiza juma 6? Wangapi walitolewa damu? Majibu mangapi yamerudi?

Sasa weka majibu ya wamama pembeni ya majibu ya muganga. Yakipatana, vema. Yasipopatana, usiseme upesi kwamba mumoja anasema uongo. Tuseme muganga anajibu: «Dawa haikukosa hata siku moja.» Na wamama 6 kati ya 15 wanasema walikosa. Mukiuliza zaidi munaona kwamba dawa ilikuwako, lakini kidogo. Muganga akaigawa siku 14 kwa kila mutu kusudi wote wapate. Kwake hiyo si kukosa. Kwa mama anayeuza mboga na anayepoteza siku mbili za soko kila mwezi, ni kukosa. Wote wawili wamesema kweli, na sasa munajua jambo lenyewe: stoki inafika ndogo.

Tuchukue mufano mwengine, wa kufikiri tu. Katika miezi 3 watoto 12 walitimiza juma 6. Watoto 9 walitolewa damu. Majibu 5 yamerudi. Basi muna shida mbili, na hazifanani. Watoto 3 hawakutolewa damu: mumoja mama yake alihama, wa pili siku ile karatasi hazikuwako, wa tatu mama yake hakuambiwa kamwe. Majibu 4 hayajarudi, na moja linangojewa tangu juma 10. Shida ya kwanza muganga na wamama wanaweza kuitengeneza wenyewe. Ya pili inaomba mutu afuate karatasi mukono kwa mukono: ilitoka kituoni lini? Ilifika kwenye mashine? Jibu limelala ofisini? Mara nyingine dawa ya shida kama hiyo ni kupanga tu ni nani atakayepita kuchukua majibu kila siku ya ine ya juma.

ANGALIA SANA: SIRI

Hapa tunaomba musome pole pole. Mabanga nyumba za mbao zimebanana, ukuta una masikio. Mama anaweza kupigwa, kufukuzwa na bwana wake, ao kukimbiwa na wanunuzi wake sokoni kwa neno moja lililoponyoka.

Basi, ndani ya kaye musiandike jina, wala namba ya simu, wala avenyu. Andikeni namba tu: mama wa 1, mama wa 2. Msichana mumoja tu wa miaka 16 katika avenyu nzima, ukiandika «msichana wa miaka 16» umekwisha kumutaja, andika «kijana». Kaye ikae kwa mutu mumoja, ndani ya sanduku lenye kufuli.

Musisimame kwenye mulango wa chumba cha dawa na kuuliza wanaotoka. Kila anayesemezana nanyi pale amekwisha kuonyeshwa. Maulizo ya heshima, ya kungoja na ya franga munaweza kuyauliza kwa wamama wote wa CPN, wenye virusi na wasio na virusi, na hakuna atakayejua ni nani. Maulizo ya dawa na ya damu ya mutoto yafanyike ndani ya kundi la wale waliokwisha kujuana, ao pahali mama mwenyewe anapochagua. Muombeni ruhusa kwanza. Akikataa, mumushukuru na musimuulize sababu. Na ajue kwamba akikataa hatapunguziwa dawa wala kilo ya mutoto wake haitaachwa.

Sheria ya inchi yetu namba 08/011 ya tarehe 14 mwezi wa 7, 2008, inakinga haki za watu wenye virusi. Inakataza kuwabagua, na inataka siri yao ishikwe. Inawafunga waganga, inawafunga pia ninyi wenye kaye.

KUPELEKA HABARI

Anzeni na muganga mukubwa wa kituo, na muende wawili, si kumi. Mupelekee kwanza jambo moja zuri mulilolihesabu, si kwa kumusifu bure, lakini kwa sababu ni kweli na anapashwa kulijua. Kisha toeni shida mbili, si tisa. Semeni hesabu: «Katika wamama 15, wamama 6 waliitwa kwa sauti mbele ya watu.» Musiseme: «Waganga wenu wanadharau watu.» Neno la kwanza linaomba dawa, la pili linaomba vita. Mbele ya kuondoka, mupatane: nani atafanya nini, mpaka tarehe gani. Andikeni tarehe hiyo.

Kuna mambo ambayo muganga hana nguvu juu yake. Hawezi kuumba vipimo. Stoki inapitia kwa ofisi ya zoni ya afya, kwetu ni Karisimbi, na katika Goma ghala kubwa la dawa la jimbo ni la ASRAMES. Kama shida iko huko juu, muganga mwenyewe anaweza kufurahi mukimusaidia kupaza sauti, kwani barua zake peke yake pengine hazijibiwi. Pelekeni hesabu kwa komite ya afya ya eneo, ile CODESA, iisome na kuipeleka kwa daktari mukubwa wa zoni. Vyama vya watu wenye virusi, kama UCOP+, vinaweza kuifikisha kwa mupango wa taifa wa kupiganisha SIDA, PNLS.

Na kama muganga anakasirika? Inatokea. Mama anaweza kuogopa kwamba atalipizwa, kwamba safari ijayo karti yake itawekwa chini ya zote. Kwa hiyo asiende mama mumoja kusemea jambo lake mwenyewe. Wajumbe ndio wanaosemea wote. Mama akionewa kwa sababu alijibu maulizo, jambo hilo linapita mbele ya mengine yote, na linaenda kwa zoni siku ile ile. Lakini tunasema pia: wako waganga wengi waliobaki kazini wakati masasi yalipolia, wakigawa dawa kwa mulango wa nyuma. Musiwahesabu kama adui.

Tarehe mulioiandika ikifika, rudini, na maulizo yale yale. Wamama wangapi sasa wanaitwa kwa sauti? Kama walikuwa 6 na sasa ni 2, waambieni waganga na waambieni wamama wenyewe, maana mama aliyejibu na asiyesikia kitu hatajibu tena. Kama ni 6 bado, musibadilishe maulizo. Pandeni ngazi moja.

MAULIZO YA KUZUNGUMUZA PAMOJA

1. Katika kituo chako, mutoto anatolewa damu akiwa na juma ngapi? Ulijuaje?

2. Ukiagizwa kuhama usiku huu kama mwaka 2021, dawa na karti yako viko wapi? Nani mwengine ndani ya nyumba anajua pahali pake?

3. Mama mumoja anakuambia kwa siri kwamba aliombwa franga za dawa, lakini anakuomba usiandike. Utafanya nini?

4. Chagueni leo maulizo 3 katika yale 10. Muulizane ninyi kwa ninyi kwa muda wa mwezi mumoja, kisha mulete hesabu siku ya kupima kilo.